Mbona mtoto alizaliwa mzima?



Juma hili tunaandika juu ya swali ambalo sisi walimu tunaulizwa mara nyingi, mlangoni pa darasa, njiani tukitoka kanisani, hata sokoni tukiwa na fungu la sombe mkononi. Swali ni hili: "Walimu, mnasema SS ni ugonjwa ambao mtu anazaliwa nao. Mbona basi mtoto wangu alizaliwa mzima?"

Ni swali zuri. Mama anayeuliza hivyo ametazama mtoto wake vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini pia ni swali lenye hatari, kwa sababu katika familia nyingi, pahali pa jibu watu wanaweka jina la mtu. Jina hilo mara nyingi ni la mwanamke.

Tunajua namna mambo yanavyokwenda. Mtoto anazaliwa na kilo zake tatu, analia kwa nguvu, ananyonya. Jirani wanakuja kumwona, wanaleta sabuni na vitenge. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuna neno. Kwenye kupima uzito, mstari wake unapanda vizuri. Halafu, karibu na mwezi wa sita, asubuhi moja mikono na miguu imevimba. Mtoto hataki kuguswa, analia usiku kucha. Baada ya siku kadhaa yanapungua, kisha yanarudi. Macho yanakuwa ya njano. Damu inapungua mpaka analazwa na kuongezewa damu ya mtu mwingine.

Ndipo kikao cha familia kinaitwa. Nani alimbeba mtoto siku ile? Nani alimsifu mno? Kwa nini yule shangazi asiyezaa alikaa naye muda mrefu? Upande wa baba wanasema katika ukoo wao jambo hili halijaonekana, kwa hiyo bibi ndiye aliyeleta damu mbaya. Mmoja anashauri mfumu. Mwingine anashauri chumba cha maombi, ambako mtoto atafungishwa siku tatu bila chakula na bila maji. Na maji ndiyo kitu ambacho mtoto wa SS hapaswi kukosa hata nusu siku.

Ukisikiliza vikao hivyo vyote, ushahidi ni mmoja tu: alizaliwa mzima, kwa hiyo kuna aliyemharibu. Ushahidi huo una jibu, na jibu lenyewe liko ndani ya damu. Tulipokuwa kwenye ISP tulijifunza mambo ya urithi kwa njegere za Mendel, na vitabu vya zamani tulivyotumia havikuwa na habari hii, maana ilijulikana vizuri mwaka wa 2008 tu. Tumeisoma baadaye, na tunaona si haki ibaki kwa waganga wa hospitali peke yao.

Damu ni nyekundu kwa sababu ya kitu kinachoitwa hemoglobini. Kazi yake ni kubeba hewa kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Kwa mtu wa SS, hemoglobini ina kosa dogo sana la maandishi. Ikiisha kutoa hewa, inashikamana yenyewe kwa yenyewe, na chembe ya damu, ambayo inapaswa kuwa ya mviringo na laini, inajipinda kama mundu wa kukatia majani. Chembe za namna hiyo zinaziba mishipa midogo, na pale zinapoziba panauma kupita kiasi. Tena zinakufa mapema: chembe nzima inaishi karibu siku 120, lakini ile ya SS inaishi siku 10 mpaka 20 hivi. Ndiyo sababu mtoto anapungukiwa damu na macho yake yanageuka njano.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa. Kila mtu, mzima au mgonjwa, anapata hemoglobini za namna mbili katika maisha yake. Ya kwanza ni ya tumboni. Mtoto akiwa ndani ya mama hapumui kwa mapafu, anachukua hewa kutoka damu ya mama kwa njia ya kondo la nyuma. Kwa hiyo Mungu amempa hemoglobini yenye mkono wenye nguvu, inayoweza kuvuta hewa hiyo kutoka kwa mama. Ya pili ni ya duniani, ambayo inachukua nafasi polepole mtoto akiisha kuzaliwa na kuanza kupumua mwenyewe. Kosa la SS liko katika hemoglobini hii ya pili. Ile ya tumboni haina kosa hilo.

Mtu mmoja kati ya wa kwanza walioona jambo hili alikuwa mwanamke, mganga wa watoto huko New York, jina lake Janet Watson. Mwaka wa 1948 aliandika kwamba katika damu ya watoto wachanga chembe zenye kujipinda ni chache, na zinaongezeka kadiri miezi inavyopita. Aliwaza kwamba damu ya tumboni ndiyo inayowakinga. Aliwaza sawasawa. Lakini hakuna aliyejua wakati ule ni nini kinachoamuru damu ya tumboni iondoke.

Hapo tunahitaji kueleza kidogo, kama tunavyoeleza darasani. Ndani ya chembe za mwili kuna maandishi ya urithi, ambayo watoto wetu wa sekondari wanayaita ADN. Yafikirieni kama kitabu kikubwa cha ofisini ambacho hakiruhusiwi kutoka nje. Kila jeni ni ukurasa. Mwili ukitaka kutengeneza kitu, haubebi kitabu kizima. Unanakili ukurasa unaohitajiwa kwenye karatasi, na karatasi hiyo inapelekwa kwa mafundi, ambao wanaisoma na kutengeneza proteini. Ukurasa usiponakiliwa, kitu hakitengenezwi, hata kama maandishi yake yapo na ni mazuri.

Nani basi anaamua ukurasa gani unakiliwe na upi uachwe? Ziko proteini ambazo kazi yao si kujenga mfupa wala nyama ya mwili. Kazi yao ni kusimamia kunakili. Zinafanana na kapita pale kazini: yeye mwenyewe habebi tofali, lakini akisema "hapa tumemaliza", watu wanatua majembe.

Kapita wa damu ya tumboni anaitwa BCL11A. Jina lake ni herufi na namba tu, nasi tunamwita kapita. Hukaa katika uboho wa mifupa, mahali chembe nyekundu zinapotengenezwa. Wakati wa kuzaliwa unapofika, anashika kando ya ukurasa wa hemoglobini ya tumboni na kuzuia usinakiliwe tena. Ukurasa wa jirani, ule wa hemoglobini ya duniani, unaendelea kunakiliwa kwa nguvu. Kazi hii haimalizwi kwa siku moja. Chembe za zamani zinakufa, chembe mpya zinazaliwa, na mwezi kwa mwezi damu ya tumboni inapungua mpaka, kwa mtu mzima, inabaki kidogo sana.

Wataalamu walimjua kapita huyu kwa kuchunguza watu ambao damu yao ya tumboni haikupungua kama ya wengine, kati yao wenyeji wa kisiwa cha Sardinia, nchini Italia. Walilinganisha maandishi yao ya urithi, na mwaka wa 2007 na 2008 dalili zilielekea kwenye BCL11A. Mwisho wa 2008, Vijay Sankaran na Stuart Orkin, pamoja na wenzao kule Boston, walionyesha kwamba kapita akipunguzwa nguvu katika chembe zinazotengeneza damu, hemoglobini ya tumboni inarudi kutengenezwa.

Sasa tunaweza kumjibu mama yule. Mtoto wako hakuzaliwa mzima kisha akaharibiwa. Alizaliwa na SS, lakini alizaliwa amefunikwa na damu ya tumboni, kama mtoto anayefunikwa kitenge mgongoni. Kapita akaondoa kitenge kwa wakati wake, kama alivyoondoa kwako wewe, kwa jirani yako na kwa mama mkwe wako. Kwetu sisi wengine chini yake palikuwa na hemoglobini nzuri, ndiyo maana hakuna aliyetambua kitu. Kwa mtoto wako palikuwa na ile yenye kosa. Ni miezi ileile kwa watoto wa SS wa Kinshasa, wa Luanda na wa New York. Hakuna shangazi anayeweza kuwa katika miji yote hiyo kwa wakati mmoja.

Jambo hili linaeleza pia kwa nini baadhi ya wazazi wanasema, "Tulipima akiwa mdogo, wakasema hana." Kipimo cha haraka kinachoitwa Emmel kinatafuta chembe zinazojipinda. Kwa mtoto mchanga chembe hizo ni chache bado, kwa hiyo kinaweza kutudanganya. Tena hakitenganishi mtu wa AS na mtu wa SS. Kipimo cha kuaminika ni elektroforeze, ambacho kinatazama hemoglobini yenyewe, au vipimo vingine vinavyotenganisha aina zake. Ukiambiwa matokeo, uliza: ni kipimo gani mmefanya?

Na ule usemi wa "damu mbaya ya bibi"? Hapo tuwaeleze jambo tulilofanya. Mwaka uliopita mama wa mwanafunzi mmoja alirudishwa kwa wazazi wake kwa sababu mtoto wa pili naye alianza kuvimba mikono. Tulikwenda walimu watatu, tukaomba kuketi na familia ya bwana. Hatukuanza na ADN. Tuliomba sahani na maharage ya rangi mbili, meupe na mekundu. Tuliweka mbele ya baba haragwe moja jeupe na moja jekundu, na mbele ya mahali pa mama vilevile. Tukasema: kila mzazi anampa mtoto haragwe moja, bila kuchagua. Mtoto akipata meupe mawili ni AA. Akipata jeupe na jekundu ni AS, mzima kama wazazi wake. Akipata mekundu mawili ni SS. Kisha tukamwuliza babu: haragwe jekundu la pili limetoka wapi?

Babu alikaa kimya kidogo, akalisukuma lile haragwe kwa kidole mpaka mbele ya mtoto wake wa kiume. Hakusema neno. Bibi mkwe alitoka nje kwenda kutazama moto. Juma lililofuata bwana alikwenda kupimwa, na alikuwa AS. Mama yule alirudi nyumbani kwake baada ya miezi miwili. Hatusemi kwamba maneno yote yameisha katika ukoo ule, lakini tangu siku hiyo hakuna tena aliyemtafuta mchawi.

Basi tushike hili: mtoto wa SS amepokea kwa baba na kwa mama, sawasawa. Na wanaobeba AS si wachache. Kule Kinshasa walipima watoto wachanga 31.204, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka wa 2009. Karibu watoto 17 kwa kila 100 walikuwa AS, na karibu 14 kwa kila 1.000 walikuwa SS. Nchi yetu ni moja ya zile tatu, pamoja na Nigeria na India, ambazo watoto wengi zaidi wa SS wanazaliwa. Kuwa AS si laana. Mwaka wa 1954 mtaalamu Anthony Allison, aliyefanya kazi yake Afrika ya Mashariki, alionyesha kwamba watu wa AS wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu haragwe jekundu limeendelea kupitishwa katika nchi zenye mbu: liliokoa wababu wetu wengi. Lakini mtoto wa SS hana raha hiyo, malaria inamwangusha haraka.

Wamama wengine watauliza: kama damu ya tumboni ni dawa, haiwezi kurudishwa? Inaweza, kwa sehemu. Kuna dawa inayoitwa hidroksiyurea, kidonge kilichojulikana kwanza katika kutibu kansa, ambacho kinaamsha tena hemoglobini ya tumboni. Mwaka wa 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Afrika, kwa watoto 606 wa Luanda, Kilifi, Mbale na Kinshasa kwetu, na profesa Léon Tshilolo wa Kinshasa alikuwa mmoja wa walioongoza. Watoto waliomeza dawa hiyo walipata maumivu machache zaidi, malaria kidogo zaidi, waliongezewa damu mara chache zaidi, na vifo vilipungua. Si dawa ya kununua sokoni. Inahitaji mganga, na damu kupimwa kila mara, na haifai kwa mwenye mimba. Lakini ipo, na mama ana haki ya kuiuliza.

Tiba nyingine inamwendea kapita mwenyewe. Mwezi wa saba 2019, huko Nashville nchini Marekani, Victoria Gray, mama wa watoto wanne aliyeteswa na SS tangu utoto, alirudishiwa chembe zake za uboho baada ya wataalamu kukata mahali padogo katika maandishi ya BCL11A. Mahali hapo ndipo panapompa kapita nguvu katika damu tu. Hawakumfukuza mwili mzima, kwa sababu anahitajiwa pengine: watoto wanaozaliwa na upungufu wa BCL11A wanapata shida katika kukua kwa ubongo. Baada ya hapo maumivu makubwa yaliyokuwa yakimlaza hospitalini yalimwacha. Uingereza ilikubali tiba hiyo mwezi wa kumi na moja 2023, na Marekani mwezi uliofuata. Bei yake Marekani ni dola milioni 2,2 kwa mtu mmoja, na kabla ya kuipokea mgonjwa anapewa dawa kali za kuondoa uboho wa zamani. Tunaandika bei hiyo ili mtu asije kwenu na chupa ya maji ya rangi akisema ameleta "tiba ya Amerika". Tena tunaiandika ili mjue kwamba ugonjwa wa watoto wetu ulipata njia ya kupona, na kilichobaki ni njia hiyo ifike kwetu. Kuidai si dhambi.

Wakati tunangoja, kuna mengi ambayo mikono yetu inaweza. Mtoto wa SS anywe maji mengi, alale chini ya chandarua, asioge maji ya baridi, apate chanjo zote. Mganga anaweza kumpa penisilini mpaka afikishe miaka mitano, na asidi ya foliki ya kusaidia damu. Homa ikipanda, usingoje kesho na usianze na majani: peleka hospitali siku ileile. Omba mganga akufundishe kupapasa bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu, maana ikivimba ghafula damu yote inaweza kujificha humo.

Na sisi walimu tunaambiana wenyewe kwa wenyewe: mtoto huyu akiomba ruhusa ya kwenda chooni, aende. Figo zake hazishiki maji vizuri, hivyo anakojoa sana, na si uvivu wala ukaidi. Awe na chupa ya maji juu ya meza yake. Asichapwe, asilazimishwe kukimbia uwanjani kwenye jua wala kusimama kwenye mvua. Akikosa juma moja, mwenzake amnakilie masomo.

Kwa chama chetu tuna ombi moja. Likelemba yetu inasaidia mazishi na arusi. Tunaomba sehemu ndogo iwekwe kwa elektroforeze: kwanza kwa watoto wachanga wa wanachama, kisha kwa vijana wetu wanaochumbiana, mahari bado haijatolewa. Vijana wawili wa AS wakijua mapema, wataamua wenyewe wakiwa macho. Mkutano wa juma lijalo tutaleta maharage na sahani. Njooni na bwana zenu, na kama mama mkwe atakubali, mwekeeni kiti cha mbele.